Njiwa 43 juu ya tenki letu Kileleshwa, na ile siku nilihesabu mara moja tu

Wakuu, hamjambo popote mlipo, wa kazini na wa kujificha kazini.

Hii story nimekaa nayo miezi minne. Mama Shiru, yaani wife, aliniambia nikiiweka hapa nitachekwa. Nimefikiria, nikaona heri nichekwe na watu nisiowajua.

Kila kitu nitakachosema kilifanyika. Nambari zote nimezihesabu mara mbili, isipokuwa moja. Hiyo moja ndiyo imefanya nianzishe uzi.

Mimi nauza mapazia town, duka la upana wa lifti upande wa River Road. Mapazia yamenifundisha mambo mawili. Bei ya kwanza si bei, na mita ukizihesabu mara moja utalia.

Naishi Kileleshwa, flati ya ghorofa sita, na mimi niko hiyo ya sita. Juu yangu kuna roof. Juu ya roof kuna matenki manne ya maji. Juu ya matenki kuna njiwa.

Msifikirie wale njiwa wa porini wa sauti tamu asubuhi. Hawa ni wa town. Babu zao walifugwa na mtu, wakatoroka, na sasa wanaishi kama watu ambao hawajawahi kuwa na mwenyewe. Wananya kwa magari, wananya kwa nguo zilizoanikwa, na kuna jamaa wa 3B walimnyea kichwani akienda interview. Kazi alipata, lakini hiyo ni story yake.

Tulikuwa tumewazoea, hadi asubuhi moja nikaweka maji kwa kettle nikaona unyoya unaelea.

Unyoya mzima, wakuu. Mweupe, na kijivu kidogo kwa ncha.

Hapo ndipo nilikosea. Nilipiga picha, nikaiweka kwa group ya flati, nikaandika: "Hii ndiyo tunakunywa? Kwani caretaker anafanya kazi gani hapa?"

Nilikuwa na hasira ya mtu ambaye hajakunywa chai. Nikaweka simu mfukoni nikaenda zangu town.

Caretaker wetu ni Mzee Nyongesa, mtu wa Bungoma. Yuko hapo miaka kumi na moja, tangu ukuta haujapakwa rangi. Anafungua gate, anatoa takataka, anaosha matenki, na analala kwa chumba kidogo kando ya gate. Kazi ikienda, chumba kinaenda. Ukimtoa hapo unamtoa kazini na nyumbani kwa mkono mmoja.

Saa nne landlady akajibu kwa group: "Noted. Caretaker anaondoka mwisho wa mwezi. Naleta kampuni."

Maneno manane. Nilihesabu mara mbili nikidhani kuna lingine litapunguza makali. Hakukuwa.

Jioni nikafika gate. Mzee akanifungulia vile ananifunguliaga siku zote.

"Karibu, Baba Shiru. Leo umechelewa."

Basi. Angenitukana ningelala.

Kesho yake nikaenda ofisini kwa landlady, Parklands, juu ya duka la miwani. Sisi wote tunamwita Madam. Ni mama wa miaka sitini hivi, na kwa bargaining ndiye mtu pekee Nairobi ambaye nimewahi kuogopa.

"Madam, mzee apewe nafasi. Tukipunguza hao njiwa, abaki."

"Mpaka wabaki wangapi?"

"Thelathini."

"Sifuri."

"Madam, njiwa sifuri hata paa la kanisa halijafika."

"Tano basi."

"Ishirini. Na hapo nimejiumiza."

"Umejiumiza na nini, na njiwa si wako?"

"Kumi na tano."

"Kumi."

Nikasimama kama mtu anayeenda. Hii ni ile yetu ya dukani: unafika mlangoni, unaitwa. Nikafika mlangoni. Nikafika ngazi. Nikashuka ngazi tano. Hakuna aliyeniita. Ikabidi nirudi mwenyewe, na kurudi mwenyewe ni aibu kubwa kwa mtu wa biashara.

"Kumi na wawili, tumalize."

"Kumi na wawili. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa kumi na mbili asubuhi, kabla hawajaenda kazini. Nakuja kuhesabu mwenyewe. Akizidi mmoja, mzee anabeba mzigo siku hiyo hiyo."

"Na mayai?"

"Mayai ni njiwa waliochelewa."

"Yai halinyi, Madam."

Akaandika hiyo kwa kitabu chake. "Sawa. Yai halihesabiwi. Kinda likishaota manyoya, linahesabiwa."

Tukashikana mikono. Ni hapo chini barabarani nilikumbuka nimepatana bei ya vitu ambavyo sijui niko navyo vingapi.

Nikarudi nyumbani nikapanda roof wakati wa kurudi kwao. Arobaini na watatu. Nikarudia. Arobaini na watatu. Yaani nilikuwa nimejifunga kutoa njiwa thelathini na mmoja kwa siku ishirini na nne.

Sasa njooni kwa mbinu.

Ya kwanza ilikuwa spika. Kuna jamaa town anauza zile spika za hawker za betri na memory card. Akaniambia ziko na sauti ya mwewe, njiwa akiisikia anakimbia bila kuuliza. Akaniwekea nikasikia. Mwewe kabisa. Tukapatana.

Asubuhi ya pili nikaiweka juu ya roof, nikafungulia hadi mwisho, nikafunga mlango wa roof na kufuli, nikaingia kuoga.

Ambacho sikujua ni kwamba ile card ilikuwa na file mbili. Mwewe alilia dakika mbili akaisha. Ndipo ikaingia ya mwenyewe wa kwanza wa ile spika:

"Dawa ya panya! Dawa ya mende! Kunguni, viroboto, chawa! Wakionja hawarudi! Dawa ya panya! Dawa ya mende!"

Kutoka ghorofa ya sita, saa kumi na mbili unusu asubuhi, Kileleshwa nzima.

Nilipotoka bafuni na sabuni masikioni, njiwa walikuwa arobaini na watatu, wametulia kama wako kwa mkutano. Lakini kwa gate kulikuwa na tenants kumi na mmoja, na ndala miguuni, wakimzunguka Mzee Nyongesa.

"Mzee, yuko wapi huyo wa dawa?"

"Mimi niwekee mbili za mende."

Na mama mmoja wa ghorofa ya pili kutoka kwa balcony: "Wewe wa kunguni, usiende! Nashuka!"

Kwa group hiyo flati haijawahi kuwa na mdudu hata mmoja. Siku hiyo nilijua majirani zangu.

Nikarudisha spika. Jamaa akakataa kurudisha pesa, akanibadilishia na kitu kingine: bundi wa plastiki. Mkubwa kama mtoto wa miaka miwili, macho ya kung'aa, na kichwa kinazunguka na upepo.

"Boss, huko majuu ndiyo wanatumia. Njiwa akiona hii anahama county."

Wakuu, najua mnachofikiria. Mimi pia nimelelewa na watu. Kwetu bundi akitua juu ya paa, mtu anaanza kupiga simu nyumbani kuuliza ni nani mgonjwa. Nilijua hiyo. Lakini nilijiambia ni plastiki, tena njiwa hawana habari ya mambo yetu.

Nikamfunga kwa waya juu ya tenki la juu kabisa. Alikuwa bado kwa nailoni na hakukuwa na upepo, kwa hivyo sikusikia uoga wowote. Nikatoa nailoni, nikashuka, nikaenda kazini.

Kila flati Nairobi iko na group mbili: ile landlady yuko, na ile hayuko. Ile hayuko ilianza kuwaka saa tano.

"Kuna bundi juu ya tenki."

"Analia?"

"Halii. Anaangalia tu."

"Anaangalia nyumba ya nani?"

Hilo swali la mwisho ndilo lilimaliza watu. Kwa sababu upepo ukibadilika anageuza kichwa, kwa hivyo kila nyumba ilipata zamu yake. Mtu wa 3A aliandika "sasa ni kwangu", akatoka kwa group. 2A akauliza kama deposit inarudishwa haraka. 5B walisafirisha nyanya yao Kiambu, kwa usalama wake.

Jioni Sister Grace wa 4B akaleta kikundi chake cha maombi. Hawakufika roof, hakuna aliyetaka kufika roof, wakasimama kwa ngazi ya ghorofa ya sita, yaani mlangoni kwangu. Ningejificha wapi? Nikatoka, nikainamisha kichwa na wenzangu.

Sister Grace ana sauti. Alisema: "Na yeyote aliyemtuma huyu ndege, Bwana, umrudishie kwa mlango wake!"

Nikasema amina, wakuu. Ningesema nini?

Mama Shiru alikuwa ananitazama na jicho moja wazi.

Siku ya tatu njiwa mmoja alikuwa amekaa juu ya kichwa cha bundi. Kichwa kikizunguka, naye anazunguka, ametulia, kama mtoto kwa bembea. Nikahesabu: arobaini na saba. Nikarudia: arobaini na saba.

Wameongezeka.

Kibaya zaidi, Mzee Nyongesa akakataa kupanda kuosha matenki. Nikaona nimwambie ukweli, kwamba bundi ni wangu na ni plastiki.

"Hata kama, Baba Shiru. Ni plastiki ya nini?"

"Ya bundi."

"Haya, umesema mwenyewe."

Nikasema basi nitamtoa mimi. Nikapanda. Ngazi ya chuma ya lile tenki iko na vidato saba. Nikiwa kwa cha tatu, upepo ukapita, akanigeukia.

Nilishuka. Sitaki maswali.

Mbinu ya tatu: Karen. Niliwaza hivi, njiwa ni kama mpangaji, ukimpeleka mahali pazuri kuliko pako hatarudi. Karen kuna miti, kuna nafasi, kuna mbwa wanaokula vizuri kuliko mimi. Nikatega kreti ya mkate na makombo ya ugali, nikashika kumi na wanne. Kwa sababu mimi ni mtu wa kuhakikisha, kila mmoja nikamfunga mguuni uzi wa kijani wa pazia.

Nikaomba shemeji gari. Tukawapeleka mpaka Karen, mahali pa miti mikubwa, tukafungua kreti. Wakazunguka juu mara moja, kama watu wanaosoma kibao cha barabara, wakapotea. Shemeji akanipigia makofi.

Kurudi, jam ya Ngong Road ilitushika saa moja na dakika arobaini.

Nikapanda roof. Nyuzi za kijani: kumi na nne. Nikarudia. Kumi na nne. Na mmoja alikuwa ameshakaa kwa bundi, anazunguka.

Jumla: hamsini na mmoja. Siku zimebaki tisa.

Nikashuka nikakaa kwa ile benchi ya Mzee kando ya gate. Alikuwa anapiga pasi shati. Begi lake lilikuwa limetolewa chini ya kitanda, liko wazi, na sufuria moja ndani. Nikaona nimwambie nambari. Nilitaka asikie kutoka kwangu.

Akaweka pasi chini.

"Baba Shiru, nikikuambia kitu, hutaweka kwa group?"

Hilo liliniingia kama sindano. "Siweki, Mzee."

"Hao njiwa, mimi ndiye nilikuwa nawapunguza."

"Aje?"

"Nilikuwa nakula."

Nikageuka nikaangalia ile sufuria ndani ya begi.

"Wawili kila Jumapili, nyinyi mkiwa kanisa. Na nikipanda kuosha tenki natoa mayai. Kwetu njiwa ni mboga, hata si siri. Lakini hapa ni Kileleshwa. Vile uliweka ile picha, nikasema sasa siku moja mtu atapiga picha sufuria yangu. Nikaacha."

"Na ule unyoya wa kettle yangu?"

Akaangalia shati. "Siku hiyo nilimnyonyolea juu, karibu na tenki. Upepo ulikuwa mwingi. Pole."

Wakuu, nilitoa simu nikapiga hesabu. Wawili kwa wiki, wiki hamsini na mbili, miaka kumi na moja. Elfu moja, mia moja arobaini na nne. Nikarudia. Ni hiyo hiyo.

Huyu mzee ndiye alikuwa kampuni. Mimi nikauliza mbele ya watu wote anafanya kazi gani, na kwa kuuliza nikamsimamisha kazi.

Kabla madaktari wa jukwaa hawajaanza: najua, njiwa wa town si wa kula, nimemwambia. Alinijibu mimi ndiye nakohoa tangu Machi.

"Sasa, Mzee," nikamwambia, "tunahitaji kutoa thelathini na tisa kwa siku tisa."

"Baba Shiru, niko na tumbo moja."

Lakini alikuwa na ndugu Bungoma, na ndugu anafuga njiwa. Hapo tukaelewana. Kazi ya chini yake, kazi ya juu yangu, kwa sababu ya yule wa macho.

Mzee alitega nyuma ya jengo, karai kubwa, kijiti na kamba, na mahindi kidogo. Anakaa kwa mtungi uliopinduliwa kama mtu anayesubiri simu, kisha anavuta. Sijawahi kuona mtu akivuta kamba kwa wakati sawa hivyo. Wale kumi na wanne wa uzi wa kijani wote waliingia tena. Ama hawana akili, ama walipenda Karen.

Mimi nilifunga mifuniko ya matenki, nikaziba chini ya matenki kwa waya wa kuku mahali walikuwa wanataga, nikatoa mayai kumi na moja. Yote hayo nikiwa nimempa bundi mgongo. Jaribuni siku moja. Ni afadhali kumwangalia.

Siku ya sita thelathini na tisa walikuwa ndani ya kreti. Tukawapeleka stage ya mabasi ya western, upande wa parcel. Karani akaweka sikio.

"Mmesema ni nini hii?"

"Kuku wadogo," nikasema.

"Kuku wanalia hivi?"

Mzee akaingilia: "Ni wa kienyeji sana."

Risiti iko, imeandikwa kuku wadogo 39. Kesho yake ndugu akapiga simu, wamefika salama, wameingia kwa banda, lakini wanaringa.

Ijumaa jioni nikahesabu. Kumi na wawili. Nikarudia. Kumi na wawili. Nikamwambia Mzee afunge hilo begi. Akasema litafungwa Madam akishuka.

Jumamosi, saa kumi na mbili kamili, Madam akafika na gumboots na kitabu. Akapanda ghorofa sita bila kupumzika. Mzee nyuma yake, mimi nyuma ya Mzee. Nikafungua mlango wa roof, Madam akatoka nje, akainua macho.

Kumbukeni, kwa ile group ya bundi yeye hayuko.

Upepo ukapita.

Madam alirudi ndani ya mlango kinyumenyume bila kugeuka, akashika chuma cha ngazi, akaangalia ukuta.

"Nani amekufa hapa?"

"Hakuna, Madam."

"Bado?"

Nilianza kueleza habari ya plastiki, akanikata. "Sitaki kujua. Hesabu wewe. Sauti nisikie."

Nikatoka nje. Nikahesabu kwa sauti, kwa kidole, tenki kwa tenki. Kumi. Kumi na moja. Kumi na wawili.

"Kumi na wawili, Madam!"

Na kwa ile tabia yangu nikainua kidole kuanza tena.

Ndipo akashuka mmoja kutoka upande wa Westlands. Alishuka polepole, mchafu, amechoka, akatua juu ya kichwa cha bundi. Mguuni alikuwa na uzi wa kijani.

Wale wa kijani niliwaweka kwa kreti kwa mikono yangu. Wote kumi na wanne walipanda basi. Nilihesabu mara mbili.

Huyu alikuwa ametoka Bungoma.

"Wewe wa mapazia," Madam akaita kutoka kwa ngazi, bado ameangalia ukuta. "Mimi nakujua. Umehesabu mara mbili?"

Mzee alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa amemwona. Midomo yake ilikuwa inajihesabia pole pole, na nilijua imefika wapi.

Nikashusha kidole.

"Nimehesabu, Madam."

"Haya tushuke. Tushuke, tushuke."

Alishuka ghorofa sita haraka kuliko alivyopanda. Kwa gari akamwambia Mzee aendelee na kazi, na kwamba kampuni amewaambia wasije, si kwa sababu ya njiwa.

Hiyo ndiyo nambari ambayo sikurudia, wakuu. Miaka yangu yote ya mapazia, moja tu.

Leo ni miezi minne. Mzee yuko kwa chumba chake, begi liko chini ya kitanda. Jumapili tukienda kanisa hatuangalii nyuma. Jana walikuwa tisa, na yule wa kijani wa kumi. Yeye Mzee amekataa kabisa kumgusa. Nilimuuliza sababu.

"Huyo ametoka nyumbani, Baba Shiru. Utamlaje mtu ametoka nyumbani?"

Funzo langu ni hili: kabla hujauliza kwa group mtu anafanya kazi gani, shuka gate umuulize yeye. Huenda anaifanya kimya, na wewe ndiye utaiharibu kwa picha moja.

Bundi bado yuko juu. Anayemtaka aseme hapa chini, bei tutaelewana, ila atapanda kumtoa mwenyewe. Na kama kuna mtu wa Bungoma kwa hili jukwaa ambaye ameona njiwa wengine wa uzi wa kijani wakielekea Nairobi, tafadhali aniambie wako wangapi.